Kambi za kizuizini za Kenya, 1952–1960: chanzo kipi kinajibu swali lipi

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwafungia kambini watu walioshukiwa kuunga mkono vita vya Mau Mau. Anayetaka kuandika historia ya kambi moja, iwe Manyani, Athi River, Gathigiriri au Hola, ana vyanzo vingi kuliko wengi wanavyodhani. Kinachomponza ni kuanza na kile chenye sifa kubwa. Siku hizi sifa hiyo yanayo majalada ya siri ya kikoloni yaliyofichuliwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Jalada likitoka mafichoni, watu huliamini kama vile limebeba kila kitu. Lakini jalada la ofisa lilimbeba ofisa: maagizo yake, hesabu zake, hofu yake ya kuulizwa maswali London. Babu aliyelala kwenye sakafu ya zege huko Manyani hayumo humo, au yumo kama namba.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyanzo, andika swali lako kwenye mstari mmoja. Unatafuta jina la mtu? Unatafuta idadi? Unataka kujua nani aliamuru, na lini? Au unataka kujua siku moja kambini ilikwendaje, tangu kengele ya alfajiri hadi ndoo ya choo usiku? Hayo ni maswali manne tofauti, na kila moja lina mlango wake.

Jaribio la Hola

Njia nzuri ya kuona tofauti ya vyanzo ni kuvipanga vyote juu ya tukio moja. Machi 3, 1959, wazuiliwa 85 wa Hola, kando ya Mto Tana, walipelekwa kwa nguvu kwenye kazi waliyokuwa wakiikataa. Askari jela waliwapiga, na watu 11 walikufa.

Tangazo la kwanza la serikali kwa magazeti lilisema watu 10 wamefariki baada ya kunywa maji ya gari la maji. Ukiwa na gazeti la siku hiyo peke yake, utaandika kisa cha joto na maji. Kumbukumbu za uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu W. H. Goudie zinasema jambo jingine kabisa: watu hao waliuawa na vipigo. Hapo umepata sababu ya vifo, bado hujapata mpango. Mpango unaupata kwenye karatasi za Bunge la Uingereza zilizochapishwa 1959 kwa namba Cmnd 778, zinazoonyesha kwamba ofisa wa magereza John Cowan alikuwa ameandika utaratibu wa kuwalazimisha wakaidi kufanya kazi. Kisha kuna kumbukumbu za mjadala wa Bunge usiku wa Julai 27 kuamkia 28, 1959, ambamo Barbara Castle na Enoch Powell, wa vyama vinavyopingana, wote waliishambulia serikali. Humo unajifunza London ilikuwa inajua nini na ilijiteteaje.

Hadi hapo hakuna mzuiliwa hata mmoja aliyezungumza kwa hiari yake mbele ya mtu asiyemwogopa. Sauti hiyo ilifika mahakamani London zaidi ya miaka 50 baadaye, katika kesi ya wazee wa Kenya walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso, kwa maelezo ya kiapo ya Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola hadi akazirai na kulazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Na majalada ya Hanslope Park yalipofunguliwa, yalionyesha kwamba Hola haikuwa ajali ya siku moja: tangu Juni 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikuwa akimwandikia Gavana Baring kuhusu matumizi ya nguvu katika kambi za Mwea, akionya kwamba kama ni kutenda dhambi, itendwe kimyakimya.

Vyanzo sita, tukio moja. Tangazo lilidanganya, lakini bila tangazo usingejua kwamba kulikuwa na uongo. Ndiyo maana hatushauri kutupa chanzo kwa sababu ni kibovu. Chanzo kibovu kina matumizi yake.

Kew na Nairobi: majalada mawili ya kambi moja

Nyaraka za serikali ziko mahali pawili pakubwa. Makavazi ya Taifa ya Uingereza yaliyoko Kew, London, yana mfululizo wa CO 822 (barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki), WO 276 (jeshi la Afrika Mashariki), na FCO 141, ambao ndio wa Hanslope Park. Makavazi ya Taifa ya Kenya yako Nairobi, Moi Avenue, na habari za kambi zimetapakaa kwenye mafungu yenye herufi kama AB, AH, JZ na MAA, pamoja na ripoti za wakuu wa wilaya.

Tofauti kubwa ni urefu wa kuona. Kew inaona kutoka juu: sera, mabishano kati ya Gavana na waziri, namna ya kumjibu mbunge msumbufu. Nairobi inaona kutoka chini: mgawo wa chakula, maombi ya mabati, malalamiko ya karani, barua za wazuiliwa wenyewe. Anayeuliza nani aliamuru aanze Kew. Anayeuliza kambi iliendeshwaje aanze Nairobi, hata kama ana pesa za kwenda London.

Habari ya FCO 141 inafaa kueleweka vizuri kwa sababu inaathiri hata unachosoma Nairobi. Kuanzia 1961, uhuru ukikaribia, maofisa waliagizwa kugawa karatasi mafungu mawili: zile za kurithishwa serikali mpya, na zile za siri zilizogongwa alama ya W, ambazo ziliruhusiwa kushikwa na maofisa wazungu peke yao. Za siri ama zilisafirishwa Uingereza ama ziliteketezwa. Maagizo yalikuwa ya kina: karatasi zichomwe hadi majivu, na majivu yenyewe yavurugwe, za kuzamishwa majini zitiwe kwenye masanduku mazito na kutupwa kwenye kina kirefu, mbali na pwani, pasipo mkondo. Jalada lililoondolewa liliweza kuachiwa pacha lenye jina lile lile ili pengo lisionekane.

Kwa mtafiti wa Nairobi maana yake ni hii: jalada jembamba lenye kichwa kizito lishuku. Kama kichwa kinasema nidhamu kambini 1956–1958 na ndani kuna kurasa nane za hesabu ya blanketi, usiandike kwamba hakukuwa na tatizo la nidhamu. Angalia namba za kurasa zilizoandikwa kwa penseli au wino kwenye pembe ya juu. Zikiruka kutoka 14 hadi 61, andika kwenye daftari lako kwamba zimeruka. Angalia pia barua zinazotaja barua nyingine kwa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ndiyo ya kuifuata Kew, kwa sababu nakala mara nyingi ilikwenda ofisi mbili.

Majalada ya Kenya yaliyokutwa Hanslope Park yalikuwa takriban 1,500, ndani ya masanduku 300, sehemu ya majalada 8,800 hivi ya makoloni 37. Yalijulikana hadharani 2011 kwa sababu ya kesi ya wazee wa Kenya, na yakahamishiwa Kew kwa mafungu kati ya 2012 na 2013. Ni mengi, lakini ni yale yaliyonusurika moto. Yaliyonusurika yaliteuliwa na mtu mwenye maslahi yake.

Mambo machache ya kazi. Orodha ya Kew inatafutwa bure mtandaoni, lakini sehemu kubwa ya FCO 141 haisomeki mtandaoni. Utaenda mwenyewe, utamtuma mtu, au utalipia nakala. Kadi ya msomaji ni bure na kamera yako inaruhusiwa, kwa hiyo siku tatu za kupiga picha kwa utaratibu zinaweza kukupa kazi ya mwaka mzima nyumbani. Tafuta kwa majina ya zamani. Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Hola huandikwa pia Galole, na kambi za Mwea ambazo leo ziko Kirinyaga wakati ule zilikuwa chini ya wilaya ya Embu. Wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu hii tu.

Kila unapopiga picha, fremu ya kwanza iwe jalada la nje lenye namba yake. Fremu 400 zisizo na namba ya jalada hazina thamani. Huwezi kuzitaja popote.

Kutafuta jina la mtu mmoja

Hapa ndipo wajukuu hukata tamaa, na tungependa wasikate. Hakuna daftari moja la wazuiliwa wote. Walikamatwa kwa hati za namna mbili: hati za Gavana mwenyewe, zilizowahusu wale walioonekana hatari zaidi, na hati zilizosainiwa na maofisa wa chini kwa mamlaka ya kukasimiwa. Wengine walisombwa kwa maelfu bila hati ya maana, kama ilivyokuwa Nairobi kuanzia Aprili 24, 1954, jiji lilipozingirwa.

Anza na Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo yake ya miaka hiyo yanasomeka mtandaoni bure. Kisha majalada ya wilaya alikotoka mtu, si ya kambi alikopelekwa. Wilaya ndiyo iliyomchuja, yaani kumhoji ili kujua msimamo wake, na ndiyo iliyompokea aliporudi. Andaa tahajia nne au tano za kila jina. Makarani walibadilishana l na r, waliandika majina ya Kigĩkũyũ kwa sikio la Kiingereza, na waliweka herufi s/o kumaanisha mwana wa. Mtu akionekana kama Njoroge hapa na Joroge kule, tofautisha kwa jina la baba, kijiji na chifu wake.

Ukikosa jina baada ya yote hayo, kukosa huko si ushahidi kwamba hakuzuiliwa. Kipande, barua ya kuachiliwa, au picha iliyobaki kwenye sanduku la bibi vina nguvu kuliko ukimya wa makavazi.

Maandishi ya wazuiliwa na masimulizi ya wazee

Watu huviweka vyanzo hivi viwili kwenye kapu moja kwa sababu vyote vinatoka kwa waathirika. Ni tofauti sana.

Barua iliyoandikwa kambini 1956 ilikuwa na lengo 1956. Wazuiliwa waliandika kwa Gavana, kwa wabunge wa London, kwa Msalaba Mwekundu, nyingine kwa Kiswahili, wakilalamikia chakula, vipigo na kazi. Barua hizo, zile zilizohifadhiwa, zina tarehe, zina jina la kambi, na hazijaathirika na yaliyotokea baadaye. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi alijua nani atasoma. Barua iliyopita kwa mkaguzi wa kambi haisemi kama ile iliyotoroshwa. Kabla ya kuinukuu, tafuta mhuri wa kambi. Ukiuona, soma barua hiyo kama yenye msomaji wa tatu aliyekaa katikati.

Shajara ni adimu zaidi. Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa Oktoba 1952 na kupelekwa Kisiwa cha Manda, alihifadhi maandishi ya kizuizini ambayo baada ya kuchapishwa yalipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. J. M. Kariuki, aliyepita katika kambi 14, alichapisha kumbukumbu zake 1963. Vyote viwili vina thamani kubwa, lakini havilingani: shajara huandikwa mtu asijue kesho kuna nini, ilhali kumbukumbu za 1963 ziliandikwa na mwanasiasa wa nchi inayopata uhuru. Tena wote wawili walikuwa wasomi. Mkulima asiyejua kusoma, na hasa mwanamke aliyefungwa gereza la Kamiti au kufungiwa kijijini, hakuacha karatasi.

Huyo utamfikia kwa mdomo tu. Na muda umekwisha kusonga: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 alizaliwa 1934. Kama bado una mzee anayekumbuka na jalada linalosubiri Kew, nenda kwa mzee. Jalada litakuwapo mwakani.

Kabla ya kwenda, soma ya kutosha ili ujue kambi alizopita zilikuwa za aina gani. Utafiti rasmi nchini Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Chukua vinasa sauti viwili, kwa sababu kimoja kitazima. Mhoji peke yake kwanza. Wazee watano wakikaa pamoja, kumbukumbu ya mwenye sauti kubwa huwa ya wote. Mhoji kwa lugha aliyoishi nayo kambini, na unukuzi ubaki katika lugha hiyo, tafsiri ikae pembeni. Neno kama ngati, walivyowaita homugadi (walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali), au gakunia, yule mchongezi aliyefunikwa gunia kichwani akionyesha watu kwa kidole, likitafsiriwa haraka hupoteza nusu ya habari. Saa moja ya mazungumzo itakuchukua saa tano au sita kuinukuu, panga hivyo.

Usimuulize mzee tarehe. Muulize rika lake lilitahiriwa lini, mahindi yalikuwa yamefika wapi, kama wakati huo walikuwa wameshahamishiwa kijijini. Kuhamishwa huko, kati ya 1954 na 1955, kuliwakumba zaidi ya watu milioni moja, kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye mitaro na seng'enge, kwa hiyo ni alama nzuri ya muda. Tenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia: "Ulikuwa umesimama wapi?" ni swali bora kuliko "Una uhakika?" Muulize vitu vya kushikika, kama namba aliyovaa, kipimo cha posho, ndoo zilikuwa ngapi kwa chumba. Hivyo ndivyo vinavyolinganishwa na majalada ya Nairobi, na vikilingana, sehemu nyingine za simulizi hupata uzito.

Kuna mambo mawili yanayopindisha masimulizi haya, na hayana uhusiano na uongo. La kwanza ni ukimya wa muda mrefu: Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku hadi 2003, na majirani wengi waliishi pamoja, mmoja akiwa alizuiliwa na mwingine alikuwa homugadi. La pili ni kesi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kesi ya pili ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa 2018, miaka mingi iliyopita ikiwa kikwazo kikuu. Tangu hapo, mzee anayehojiwa huweza kudhani wewe ni wa wakili. Mweleze waziwazi, mapema na zaidi ya mara moja, kwamba hakuna malipo yanayotokana na mazungumzo hayo. Maelezo yaliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya kesi ni mazuri kwa mateso, kwa kuwa ndiyo mahakama iliyoyauliza, na ni membamba kwa yote mengine: masomo yaliyofundishwa kwa siri, nyimbo, urafiki, ugomvi kati ya waliokiri kiapo cha Mau Mau na waliokataa kukiri.

Idadi

Ukihitaji tarakimu, jihadhari na tofauti kati ya waliokuwamo siku moja na waliopita kwa jumla. Takwimu za serikali za Desemba 1954 zinaonyesha watu wapatao 71,000 kizuizini. Hiyo ni picha ya siku. Watu waliingia na kutoka kwa miaka saba, kwa hiyo jumla ni kubwa zaidi: mwanahistoria David Anderson ametaja angalau 150,000, Caroline Elkins kati ya 160,000 na 320,000. Anayeandika 80,000 na anayeandika 320,000 wanaweza kuwa wamesoma karatasi zile zile.

Kwa vifo, majalada ya kambi ni dhaifu kuliko sensa. Mtaalamu wa idadi ya watu John Blacker alilinganisha sensa za 1948, 1962 na 1969, akakadiria vifo vya ziada vipatavyo 50,000 katika kipindi chote cha Hali ya Hatari, karibu nusu vikiwa vya watoto chini ya miaka 10. Sensa haimtaji mtu, haitaji kambi, na haitofautishi njaa ya kijijini na kipigo cha kambini. Lakini hakuna ofisa aliyeweza kuichoma kwa sababu ya kambi, na watoto hao hawaonekani kwenye chanzo kingine chochote kwa wingi wao. Ukiandika historia ya kambi bila vijiji, umewaacha nje.

Msalaba Mwekundu, wamisheni, na ardhi yenyewe

Wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitembelea kambi 1957 na 1959, na kumbukumbu zao ziko Geneva. Ni nzuri kwa majengo, maji na afya. Kumbuka tu kwamba ziara hutangulia kujulikana, na kambi hufagiliwa. Karatasi za Chama cha Misheni cha Kanisa la Anglikana ziko Birmingham, na za maofisa binafsi ziko Oxford, zikiwamo za Arthur Young, kamishna wa polisi aliyejiuzulu mwisho wa 1954. Hizi zifuate kama tayari unajua unamtafuta nani.

Ardhi wengi huisahau. Kambi ya Mweru baadaye ikawa shule ya sekondari. Ya Aguthi, Nyeri, nayo ikawa shule ya wasichana ya Kangubiri, na baadhi ya majengo ya zamani yalibaki yakitumika. Nenda na futi ya kupimia, pima chumba, gawanya kwa idadi ya watu ambayo mzee alikutajia. Jumba la Makumbusho la Ukoloni wa Uingereza na African Digital Heritage wametengeneza mifano ya kidijitali ya kambi kwa kuunganisha majengo, picha na masimulizi. Ni kielelezo kizuri cha namna vyanzo dhaifu vikisimama pamoja vinavyoshikana.

Ukiwa na mwezi mmoja na nauli ya ndani tu

Wiki ya kwanza kaa mtandaoni: Gazeti Rasmi, kumbukumbu za Bunge, orodha ya Kew. Wiki ya pili na ya tatu nenda kwa wazee, watatu au wanne tu, mara mbili kila mmoja, kwa sababu ziara ya pili ndiyo inayoleta yaliyofichwa kwenye ya kwanza. Wiki ya nne ingia makavazi ya Nairobi ukiwa tayari na majina ya kambi, maofisa na miezi uliyopewa na wazee. Ukianza na makavazi utasoma kila kitu bila kujua unachotafuta.

Nakala za sauti ziweke mahali patatu, na moja iachwe kwa familia ya mzee, kwenye kifaa ambacho wao wenyewe wanaweza kukifungua.